Partisheni za seva ya ofisi ya uchapaji: /var itengwe au iachwe pamoja na mfumo?

Mchapaji wa Chake

Assalaam alaykum. Tunaendesha ofisi ya uchapaji na skani hapa Chake Chake, na wateja wetu wakubwa ni skuli, mawakili na watu wanaotaka hati zao za zamani zihifadhiwe katika kompyuta kabla hazijaliwa na mchwa. Kazi yote hupitia katika seva moja inayotumia mfumo wa Debian Linux. Ndani yake mna folda ya pamoja ambamo wafanyakazi huweka skani kwa kupitia Samba (programu ya kugawana mafaili katika mtandao), mna hifadhidata ya PostgreSQL inayotunza madeni na malipo ya wateja, na seva hiyo hiyo ndiyo inayopokea kazi zote za printa kwa kutumia CUPS.

Seva tuliipokea ikiwa imeshatayarishwa, na diski yake yote ni partisheni (kipande cha diski) moja ya ext4, yaani mfumo wa mafaili wa Linux, ukiondoa ile ndogo ya EFI inayotumika kuwasha mashine na ile ya swapu inayosaidia RAM ikijaa. Kwa muda mrefu haikutusumbua. Ulipoingia msimu wa mitihani ya majaribio, skuli zilituletea karatasi za maswali zikiwa katika picha za skani, kurasa nyingi kwa nakala nyingi, na katikati ya kazi hifadhidata ikasimama, printa zikanyamaza, na skani mpya zikawa zinakataa kuhifadhika. Amri ya `df -h` ilionesha kwamba `/`, yaani mzizi wa mfumo mzima, imejaa kwa asilimia 100. Katika kutafuta tulikuta `/var/spool/cups` imejaa mafaili makubwa yenye majina ya mfano wa `d04417-001`, na mengi kati yake yalikuwa ya kazi ambazo wateja walikwisha kuzichukua na kuondoka nazo.

Tulifuta, kazi ikaendelea, lakini sasa tunanunua mashine mpya na ningependa ipangwe vizuri tangu siku ya kwanza. Itakuwa na SSD ya GB 480, diski ya kawaida ya kuzunguka ya TB 2, na RAM ya GB 16. Kati ya njia zinazotolewa na kisakinishi cha Debian nimeona tatu: kuweka kila kitu katika partisheni moja, kuitenga `/home` peke yake, au kuzitenga `/home`, `/var` na `/tmp`. Mimi nimeelekea kwenye hiyo ya tatu, kwa kuwa kilichotusumbua kilikuwa ndani ya `/var`, saraka ya mafaili yanayobadilika kila mara. Hata hivyo nimesoma maelezo mengine yanayosema kwamba `/usr`, saraka ya programu, nayo itengwe, na kwamba swapu lazima iwe mara mbili ya RAM, na sijui lipi ni la leo na lipi limeshapitwa na wakati.

Jambo jengine ni kwamba fundi wetu anakaa Unguja. Mambo mengi huyafanya akiwa huko huko kwa ssh, yaani kwa kuingia kwenye seva kupitia mtandao, lakini seva ikikataa kuwaka hana budi kupanda boti. Mpango nitakaoufuata naomba uwe ni ule unaopunguza safari hizo.

Fundi wa Darajani

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umeeleza vizuri, na katika maelezo yako mna jambo moja ambalo linabadilisha jibu zima: kilichojaza diski na kilichosimama kwa sababu ya kujaa kwa diski vyote viwili vinakaa ndani ya `/var`. Kazi za printa ziko `/var/spool/cups`, na hifadhidata iko `/var/lib/postgresql`. Ukichagua njia ile ya tatu ya kisakinishi, msimu ujao wa mitihani CUPS itaijaza `/var`, hifadhidata itasimama vile vile, na tofauti pekee utakayoiona ni kwamba `df` itaonesha `/var` imejaa badala ya `/`. Mfumo utabaki na nafuu kidogo, lakini mteja aliyekuja kulipa deni hutaweza kumwandikia.

Kabla ya partisheni, basi, itibu CUPS yenyewe. Kwa mpangilio wake wa kawaida, faili la kazi iliyokwisha kuchapwa halifutwi papo hapo. Huwekwa kwa sekunde 86,400, yaani siku nzima, ili mtu akitaka kuirudia kazi yake asilazimike kuituma upya. Kwa ofisi inayochapa barua hilo halina uzito, lakini kwa ofisi inayochapa skani, ambapo kazi moja inaweza kuwa na mamia ya MB, siku moja ya msimu inatosha kuimaliza diski. Fungua `/etc/cups/cupsd.conf`, uandike `PreserveJobFiles No`, au kama wafanyakazi wako wanapenda kuweza kurudia kazi, weka sekunde chache, kwa mfano 1800. Usipofanya hivyo, partisheni yoyote utakayoipa CUPS itajaa tu siku moja.

Sasa tuje kwenye mpango. Kanuni ninayoitumia mimi ni kutazama kitu gani hukua chenyewe bila ya mtu kukaa na kuamua kikue, kisha nakitenga na kitu ambacho hakiruhusiwi kusimama. Mfumo wenyewe, yaani `/` pamoja na `/usr`, haukui ila pale unaposakinisha programu. Kinachokua chenyewe ni logi, foleni ya printa, na pengine akiba za muda za programu. Kisichoruhusiwa kusimama kwenu ni hifadhidata. Skani za wateja ziko katika kundi la peke yake, kwa sababu zinakua kila siku na hakuna anayezifuta, na ndizo zinazostahili ile diski ya TB 2.

Tumia GPT, jedwali la kisasa la partisheni, katika diski zote mbili. MBR ya zamani inaruhusu partisheni kuu nne tu na haiwezi kuhesabu zaidi ya TiB 2 katika diski yenye sekta za baiti 512, hivyo diski yako ya leo ingeingia, lakini ile ya TB 4 utakayoinunua baadaye isingeingia yote. GPT hutoa nafasi za partisheni 128 kwa kawaida, na jedwali lake huwekwa nakala ya pili mwishoni mwa diski.

Katika SSD kata partisheni tatu tu: ya EFI ya MB 512 kwa mfumo wa mafaili wa FAT32, `/boot` ya GB 1 kwa ext4, na yote iliyobaki uipe LVM, mfumo unaokuwezesha kuigawa nafasi ya diski na kuipanua baadaye. Ndani ya LVM unda kundi moja, tuliite `seva`, na humo ukate hivi:

    /                     GB 30
    /var                  GB 20
    /var/log              GB 10
    /var/spool            GB 40
    /var/lib/postgresql   GB 40
    /home                 GB 10
    swapu                 GB 8

Ukijumlisha utaona kwamba zaidi ya GB 250 hazijapewa mtu, na hapo ndipo watu wengi hushindwa kuvumilia wakazigawa zote siku ile ile. Usizigawe. Mshoni mzuri huacha pindo ndani ya nguo ya mtoto, na LVM inakupa nafasi ya kufanya hivyo hivyo. Foleni ya printa ikianza kubana, fundi wako huko huko Unguja ataandika `lvextend -r -L +20G seva/spool`, na nafasi itaongezeka papo hapo huku printa zikiendelea kufanya kazi, kwa sababu ext4 hukubali kupanuliwa ikiwa imepachikwa (mount), yaani ikiwa inatumika. Kupunguza ndiko kwenye mashaka: ext4 ni lazima ishushwe (umount) kwanza na ikaguliwe kwa `e2fsck`, na XFS, mfumo mwengine wa mafaili, ambayo Red Hat waliifanya kuwa mfumo wa kawaida wa Linux yao kuanzia toleo la 7 mwaka 2014, huwezi kuitegemea kwa kupunguza hata kidogo. Kwa hiyo anza na kidogo, uongeze kwa mahitaji.

Diski ya TB 2 iwe na kundi lake la LVM peke yake, tuliite `hati`. Usiichanganye na SSD katika kundi moja hata kama LVM inakuruhusu, kwa sababu sehemu moja ikitandazwa juu ya diski mbili, kufa kwa moja ni kufa kwa sehemu nzima. Ndani yake kata `skani` ya GB 1,000, uipachike `/srv/hati`, na kiasi kilichobaki kiache. Mbali na kukusaidia kupanua, nafasi iliyo wazi ndani ya kundi ndiyo inayokuwezesha kupiga picha ya papo kwa `lvcreate -s`, ukachukua nakala ya akiba ya mafaili yaliyotulia wakati wafanyakazi wanaendelea kuandika.

Katika ext4 kuna asilimia 5 inayotengwa kwa ajili ya mtumiaji mkuu (root), ili mfumo usishindwe kabisa kujiendesha pindi watumiaji wa kawaida wanapoijaza diski. Kwenye `/` hiyo iache. Kwenye sehemu ya skani haina faida kubwa, na katika diski ya TB 2 iliyopewa ext4 yote ingekula karibu GB 100, hivyo ipunguze kwa `tune2fs -m 1`.

Swapu ya mara mbili ya RAM ni kanuni ya zama za RAM ndogo. Kompyuta ya mapajani inayolazwa kwa kuhifadhi kumbukumbu yake katika diski ndiyo inayohitaji swapu inayolingana na RAM, lakini seva hailazwi. Kuitenga `/usr` nako ni historia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Bell Labs, ilikoundwa Unix, diski za kompyuta ya PDP-11 zilikuwa ndogo kiasi ambacho mfumo haukuenea katika moja, ukaanza kumwagikia katika diski ya pili. Debian 12 ya mwaka 2023 imekwisha kuziunganisha `/bin`, `/sbin` na `/lib` ziwe ndani ya `/usr`, kwa hiyo kuitenga leo hakukupi chochote ila kazi ya ziada wakati wa kuwasha.

Mkaazi wa Kikwajuni

Sina ugomvi na GPT wala LVM, lakini naona mwenzangu amempa ndugu yetu wa Chake mpango wa seva ya benki. Ofisi ya uchapaji yenye sehemu saba katika SSD moja itakuja kumchosha mwenyewe. Leo `/var/log` imejaa wakati `/home` ni tupu, kesho `/var` imejaa kwa sababu ya vifurushi vya masasisho wakati `/var/spool` haina kitu, na kila mara lazima apatikane mtu wa kuandika `lvextend`. Ukweli ni kwamba kila mpaka unaouweka una nafasi nyuma yake isiyotumika.

Tazama pia kwamba hatari nyengine zimeshawekewa kikomo na mfumo wenyewe. Jarida la systemd, yaani logi za programu inayowasha mfumo na kusimamia huduma zake, halikui bila ya mpaka. Kwa kawaida huishia kwenye asilimia 10 ya mfumo wa mafaili ulimo na halivuki GB 4, na ukitaka pungufu yake unaandika `SystemMaxUse` katika `journald.conf`. Katika Debian 13, iliyotoka mwaka 2025, `/tmp` huwekwa ndani ya RAM na haiwezi kuzidi nusu ya RAM hiyo, basi haina haja ya partisheni. CUPS umeshamwonesha dawa yake. Ukishayafanya hayo, kinachobaki ni kuitenga hifadhidata na mengine yote, na kuzitenga skani katika diski yao. Mimi ningekata `/` ya GB 100 yenye kila kitu, `/var/lib/postgresql` ya GB 40, swapu, na nafasi iliyobaki ingekaa wazi kama alivyosema yeye. Hapo foleni ikijaza `/`, printa zitasimama, lakini hesabu za wateja zitaendelea.

Jambo ambalo halijatajwa, nami naliona kuwa kubwa kuliko yote, ni kwamba partisheni si nakala ya akiba. SSD hiyo ikifa, sehemu saba zinakufa kwa pamoja, na ile iliyogawanywa kwa ustadi haifufuki zaidi ya ile isiyogawanywa. Hifadhidata yenu itolewe kwa `pg_dump` kila usiku na kuwekwa kwenye diski ya TB 2, na skani zinakiliwe kwenye diski ya nje ambayo jioni hailali ofisini. Hati za watu hazirudi kwa kuomba radhi.

Na umeme nao. Sisi wa Unguja tuliokuwepo tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, wakati kisiwa kizima kilipokaa gizani kwa miezi mitatu na kila duka likawa na jenereta mlangoni, tulijifunza kwamba kompyuta huumizwa na ule ukatikaji wa ghafla unaokuja na kurudi zaidi ya giza lenyewe. ext4 ina jarida lake la kuandika mabadiliko yake, na mashine ikizimika ghafla, mfumo wa mafaili hurudi sawa kwa sekunde chache katika hali nyingi. Lakini jarida hulinda mpangilio wa mfumo wa mafaili, halilindi ukurasa wa skani uliokuwa bado haujaandikwa. Pesa utakazookoa kwa kutonunua diski ya pili ya SSD zipeleke kwenye UPS.

Angalizo la mwisho: utakutana na watu wanaoshauri sehemu hizi zipachikwe kwa `noexec`, yaani programu zisiweze kuendeshwa kutoka humo, kwa ajili ya usalama. Kwa `/srv/hati` ni sawa, na ongeza `nosuid,nodev`. Usiiweke kwenye `/var`, kwa sababu dpkg, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi, huziendesha skripti za vifurushi kutoka `/var/lib/dpkg/info`, na siku ya kusasisha mfumo utashangaa kwa nini kila kifurushi kinagoma.

Mchapaji wa Chake

Nawashukuru sana nyote wawili. Sikuwa nimeona kwamba foleni na hifadhidata zote zimo ndani ya `/var`. Mimi niliichukulia `/var` kuwa ni kitu kimoja.

Nimepima matumizi ya seva ya sasa ili tusizungumze kwa kukisia. `/usr` inatumia GB 6, hifadhidata GB 3, logi GB 2, na skani ni GB 410. `/home` haina kitu kabisa, kwani wafanyakazi hawaingii kwenye seva yenyewe, basi hiyo naiondoa katika mpango. Kwa `/var/spool` nimeelekea kwa Fundi, kwa sababu katika kazi yetu foleni ndiyo inayokua kwa kasi kuliko kitu chochote, na printa zikisimama sitaki mfumo mzima upate tabu. `/var/log` nitaiacha ndani ya `/var` na kuiwekea kikomo kama alivyosema Mkaazi.

Nina maswali mawili. La kwanza: siku ile tulipofuta mafaili, `df` iliendelea kuonesha kwamba nafasi haijarudi yote, mpaka tulipozima na kuwasha seva. Hilo lilitokana na nini? La pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Diski hizi za kuzunguka hufa. Ikiwa ile ya TB 2 itakufa usiku, seva itawaka asubuhi au itakwama ikisubiri mtu?

Fundi wa Darajani

La kwanza ni jepesi. Katika Unix kufuta faili ni kuliondoa jina lake katika saraka; nafasi yenyewe hairudi mpaka programu ya mwisho inayolishikilia faili hilo iliachie. Programu fulani ilikuwa bado imelifungua faili mlilolifuta. Siku nyengine andika `lsof +L1`, itakuorodheshea mafaili yasiyo na jina ambayo bado yameshikiliwa, kisha iwashe upya programu hiyo tu badala ya seva nzima.

La pili linastahili maelezo. Kila sehemu inayopachikwa wakati wa kuwasha imeandikwa katika `/etc/fstab`. Kwa kawaida, ikiwa diski iliyoandikwa humo haipatikani, systemd husubiri sekunde 90, kisha huacha kuwasha na kuingia katika hali ya dharura, ambapo mtu lazima akae mbele ya skrini na kuandika nywila ya mtumiaji mkuu. Ikiwa wakati wa kusakinisha mlimwacha mtumiaji mkuu bila ya nywila, kama wengi wanavyofanya ili kutumia `sudo`, hata hali hiyo ya dharura itakataa kufunguka. Hapo ndipo fundi wako anapopanda boti. Kwa hiyo mstari wa diski ya skani uwe hivi:

    /dev/mapper/hati-skani  /srv/hati  ext4  noatime,nosuid,nodev,noexec,nofail  0  2

Neno `nofail` huiambia systemd kwamba diski hii isipokuwepo, kazi iendelee bila yake. Seva itawaka, ssh itafunguka, na fundi ataona kilichotokea akiwa kwake. Majina ya LVM hayabadiliki, kwa hivyo kwa sehemu zake hakuna haja ya UUID, namba ya utambulisho ya kila partisheni. Lakini kwa `/boot` na ya EFI tumia UUID kama kisakinishi kinavyofanya chenyewe, kwa sababu diski iitwayo `sda` leo inaweza kuitwa `sdb` kesho ukichomeka diski ya nje.

Lakini `nofail` ina mtego ambao ni wachache wanaouandika. Diski ikikosekana, saraka ya `/srv/hati` haitoweki. Inabaki pale pale ikiwa tupu, juu ya `/`. Samba haijui tofauti. Wafanyakazi watafika asubuhi, wataikuta folda ya pamoja haina kitu, mmoja wao atadhani ni hitilafu ya mtandao na ataendelea kuweka skani mpya, na skani hizo zitakuwa zinaandikwa katika SSD ndani ya `/`, mpaka GB 30 zijae na mrudi pale mlipoanzia. Na siku diski mpya itakapopachikwa, skani zile zitafichika chini yake. Amri ya `df` itaonesha zimechukua nafasi na `du` haitaziona.

Kinga yake ni mstari mmoja. Kabla diski haijapachikwa, saraka ikiwa tupu, andika `chattr +i /srv/hati`. Kuanzia hapo hakuna anayeweza kuandika ndani ya saraka hiyo tupu, hata mtumiaji mkuu mwenyewe. Diski ikipachikwa juu yake, kila kitu kinafanya kazi kama kawaida, kwa sababu alama hiyo iko kwenye saraka ya chini, haiko kwenye diski. Isipopachikwa, mfanyakazi atapata ujumbe wa kukataliwa papo hapo na atapiga kelele, na ndicho unachokitaka. Ukipenda, ongeza na `RequiresMountsFor=/srv/hati` katika huduma ya Samba, ili folda isifunguliwe kabisa diski isipokuwepo.

Kwa hifadhidata usiweke `nofail`. Iko katika SSD ile ile yenye mfumo, na ikikosekana yenyewe tu, basi pana tatizo ambalo halifai kurukwa. Kuipachika `/var/lib/postgresql` ni salama katika Debian, kwa kuwa mafaili yenyewe yako chini zaidi, katika `17/main` ikiwa ni Debian 13, na ile saraka ya `lost+found` inayoundwa na ext4 haitagongana nayo.

Mkaazi, kuhusu sehemu saba nimekubali. Zimebaki tano, na hakuna benki.

Bi wa Wete

Nimesoma mazungumzo haya kwa furaha, kwani mimi natumia FreeBSD, ambako swali hili limeshughulikiwa kwa njia nyengine. Kisakinishi chake kimekuwa kikitoa ZFS kwa ajili ya mfumo mzima tangu toleo la 10.0 la mwaka 2014. Katika ZFS hukati vipande vyenye ukubwa maalumu. Diski nzima ni hodhi moja, na ndani yake unaunda seti za data zinazogawana nafasi ile ile. Kila seti unaweza kuiwekea kikomo kwa `quota` na kuihakikishia kiasi kwa `reservation`. Foleni ya printa ingepewa kikomo cha GB 40, hifadhidata ingehakikishiwa GB 40, na lile lalamiko la kaka Mkaazi kuhusu nafasi iliyokwama nyuma ya mpaka lisingekuwepo, kwa sababu kubadilisha kikomo, kwenda juu au kurudi chini, ni amri moja na hakuna mfumo wa mafaili unaoshushwa.

Kwa ofisi yenye skani za hati za watu kuna faida nyengine ambayo ext4 haina: ZFS huweka alama ya uhakiki kwa kila kipande cha data, na `zpool scrub` huisoma data yote iliyohifadhiwa na kukuambia faili gani limeharibika. Ukiwa na diski mbili zinazofanana katika kioo, yaani kila moja ikibeba nakala ya data ile ile, ZFS hulirekebisha yenyewe. Skani ya hati ya kiwanja inaweza kukaa miaka bila ya kufunguliwa, na ni vyema kuharibika kwake kujulikane kabla ya siku ya mahakamani.

Hata hivyo simshauri ndugu yetu ahame. ZFS inapatikana katika Debian pia, lakini leseni yake haikubaliani na ile ya kerneli (kiini) ya Linux, na kwa hiyo haiji ndani ya kerneli. Moduli yake hujengwa upya katika mashine yako kila kerneli inapobadilika, na siku itakaposhindwa kujengeka hodhi haitapachikwa. Mwenye fundi wa mbali ni bora abaki na kile ambacho fundi wake anakijua kwa moyo. Kwa diski ya skani, ikiwa mtanunua ya pili, tumieni RAID 1 ya mdadm, ambayo ndiyo kioo cha Linux, chini ya LVM, na muiache Debian ikague kioo hicho kila mwezi kama inavyofanya kwa kawaida.

Mchapaji wa Chake

Bi, ahsante sana. Diski ya pili ya TB 2 nimeiingiza katika bajeti, na nitazungumza na fundi kuhusu mdadm. Swali langu la mwisho ni dogo: njia tatu za kisakinishi hazina mpango huu wa `/var/spool` na `/var/lib/postgresql`. Je, nisakinishe kwanza kwa njia ya kawaida, kisha nihamishe?

Fundi wa Darajani

Usihamishe, panga tangu mwanzo. Kisakinishi kikikufikisha kwenye diski, chagua kupanga kwa mkono. Kwa SSD, unda ile ya EFI, `/boot` na kipande cha LVM. Kwa zile za TB 2 anza na RAID, kisha LVM juu yake, kwa sababu ukishaweka data katika diski moja, kuigeuza kuwa kioo baadaye kunawezekana lakini ni kazi ya kutoa jasho. Kisha ingia kwenye mpangilio wa LVM, uunde makundi na sehemu zake, na kila sehemu uiandikie mahali pake pa kupachikwa. Palipo na orodha ya mahali pa kawaida unaweza kuandika mwenyewe `/var/spool`. `chattr` utaifanya baada ya kuwaka mara ya kwanza, ukiwa umeishusha `/srv/hati` kwa `umount` kabla wafanyakazi hawajaanza.

Na ikiwa fundi atapendelea ile njia ya kuongozwa yenye LVM ili aokoe muda, mwambie aangalie swali moja litakalotokea, linalouliza ni kiasi gani cha kundi kitumike. Jibu lililoandikwa tayari hapo ni diski nzima. Alibadilishe kabla ya kubonyeza kuendelea.